Shajara ya Korongo: Oktoba hadi Juni

Naandika kwa ajili ya jamaa waliotuchangia Sh 3,600,000, na kwa yeyote anayelea kikundi cha vijana huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria. Mtaa wetu uko mlimani, juu ya Mabatini, jijini Mwanza. Nyumba zimekaa juu ya mawe, na katikati yake linapita korongo. Mvua ikinyesha, korongo hushusha mchanga, viroba, chupa na pampasi hadi Mto Mirongo, na Mirongo hauna pengine pa kuvipeleka isipokuwa ziwani.

Oktoba, wiki ya kwanza

Nianze na mwaka jana, kwa sababu bila huo mengine hayataeleweka. Mwaka jana tulipanda miche 400 kwenye kingo za korongo. Miti niliichagua mimi, siku niliipanga mimi, fedha nilizishika mimi. Vijana walivaa fulana, wakachimba mashimo, tukapiga picha. Agosti nikapita kuhesabu nikakuta miche 31. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka juu ya mwamba wenye udongo wa kina cha kiganja, na mingine ilizolewa na maji.

Nilimuuliza kijana mmoja, dereva wa bodaboda ambaye nilimfundisha jiografia kidato cha pili, kwa nini hawakumwagilia. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ile miti ilikuwa yako."

Neno hilo lilinikaa. Jumamosi hii wamekutana vijana 23, wote kati ya miaka 16 na 31. Nimewakabidhi mambo matatu: uamuzi wa nini kifanyike, fedha zote, na daftari la kumbukumbu. Akaunti ina watia sahihi watatu na mimi simo. Nimebaki mlezi, kazi yangu kujibu ninapoulizwa na kufungua milango ya ofisi ambazo bado haziwasikilizi wao.

Wakachagua mwenyekiti. Nilikuwa na mtu wangu moyoni, yule wa bodaboda. Wamemchagua binti wa miaka 22 anayeuza vitumbua kwenye njia panda.

Oktoba, wiki ya tatu

Wamekataa miti. Si kwamba hawaitaki milele, ila hawataki kuanza nayo. Hoja aliitoa fundi gata, yaani mifereji ya mapaa, kijana mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza mbele za watu: kabla ya kuamua dawa tujue maji yanatoka wapi. Mimi nilidhani jambo hilo liko wazi, yanatoka mlimani. Nikanyamaza, na ninashukuru nilinyamaza.

Wametengeneza vipima mvua vitatu. Nieleze, maana mtu yeyote anaweza. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Kata kichwa chake, kigeuze juu chini kikae mdomoni kama faneli. Tia kokoto chache chini isiangushwe na upepo, kisha mimina maji mpaka yafunike kokoto na ile sehemu ya kitako isiyonyooka. Hapo ndipo sifuri yako. Bandika rula ubavuni. Kila milimita moja ya maji yaliyopanda ni milimita moja ya mvua, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vipimo vyao vya mvua, kisha urudishe maji kwenye sifuri.

Kipima kimoja kiko juu ya mlima, kimoja kwenye uwanja wa kanisa, kimoja chini karibu na daraja la waenda kwa miguu. Mwenyekiti anasoma cha katikati kwa sababu saa tatu ameshamaliza vitumbua.

Novemba

Mvua za vuli zimeingia. Usiku wa Jumanne ilinyesha kwa muda usiozidi saa mbili, ngurumo zikitokea upande wa ziwa kama kawaida yetu. Asubuhi kipima cha juu kilisoma milimita 31.

Walichofanya baadaye ndicho kilichonifundisha. Walipanda mlimani wakahesabu mapaa ya bati ambayo maji yake yanaangukia korongoni. Wakapata nyumba 46. Wakapima mapaa kumi kwa hatua na futi kamba, wakaona wastani unakaribia mita za mraba 50. Binti wa kidato cha nne akapiga hesabu ubaoni: 46 mara 50 mara 31. Lita 71,300, kwa usiku mmoja, kutoka kwenye mapaa peke yake, na maji hayo hayanywewi na udongo hata kidogo kwa sababu bati linayamwaga kwenye mwamba na mwamba unayatelezesha.

Kukawa kimya. Kisha mama mmoja mgonga kokoto, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tu akisikiliza, akasema: "Na mimi jana nimenunua madumu manne ya maji."

Mradi ukapatikana hapo. Maji yanayobomoa korongo ni maji ambayo watu wa mlimani wanayanunua.

Novemba, mwishoni

Siku ya darasa. Waliniomba niwaeleze tabianchi, lakini kwa masharti: nisianze na dubu wa barafu. Nikaanza na ziwa.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakifiki mita 90 hata pale penye kina kikubwa zaidi. Ni sinia pana, si chungu. Sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, haiji kwa mito. Ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Na kiasi kinachokaribia hicho huondoka kama mvuke. Ndiyo maana mvua zikibadilika, ziwa linaonyesha haraka. Mwaka 2006 lilipungua hadi boti zikalala kwenye matope, kwa ukame na pia kwa maji mengi yaliyofunguliwa bwawani Jinja, Uganda, kuzalisha umeme. Mwaka 2020 lilipanda likavuka kiwango cha juu kilichokuwa kimedumu tangu 1964, na 2024 likapanda tena, likaingia kwenye nyumba na mialo, zile fukwe wanakotia nanga wavuvi.

Nikawaeleza kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua inapokuja inaweza kumwagika kwa wingi kwa muda mfupi. Usiku mmoja wa mvua si ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi, niliwasisitizia hilo, lakini miaka mingi ya daftari ni mali.

Kijana wa bodaboda akauliza swali ambalo huulizwa kila mara: Afrika nzima inatoa sehemu ndogo sana ya hewa ukaa ya dunia, kwa nini sisi tubebe? Sikutaka kumpa jibu la haraka. Nilimwambia ana haki ya kudai. Mkataba wa Paris wa tabianchi wa 2015, ambao Tanzania iliuridhia 2018, unazitaka nchi tajiri zichangie fedha, na kudai hizo fedha ni kazi ya vijana pia. Lakini mvua ya Jumanne haikusubiri fedha hizo. Mwenyekiti akaongeza: "Tutadai huku tunajenga." Nimeliandika kwenye daftari langu mwenyewe, si la kikundi.

Desemba

Mpango wao, kama walivyoupitisha kwa kupiga kura: nyumba sita za juu kabisa zitafungiwa gata na tanki la lita 1,000 kila moja. Kila nyumba italipa nusu ya gharama kwa kikundi, kidogokidogo kwa miezi kumi, na fedha zinazorudi zitafunga nyumba nyingine. Chini yake, ndani ya korongo, vitajengwa vizuizi vitano vya mawe vya kupunguza kasi ya maji na kushika mchanga. Miti itakuja mwisho, kwenye mchanga uliokwisha kushikwa, ambako mizizi itapata pa kuingia.

Nilipiga hesabu zangu nikawaambia ukweli: tanki la lita 1,000 linajazwa na mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 50. Mvua kama ile ya Novemba italijaza na kumwagika. Matanki sita kati ya nyumba 46 ni machache. Wanajua. "Ndiyo maana tunaanza juu," akasema fundi gata, "na ndiyo maana kuna mawe."

Kulikuwa na mgogoro ambao sikuutarajia. Mawe ya korongo ni riziki. Akina mama wanayapasua kwa nyundo, wanauza kokoto kwa ndoo. Vijana wawili walianza kuyakusanya bila kuuliza, na asubuhi moja mwenyekiti akakuta mama watano wamekaa juu ya rundo wamekunja mikono. Nilitaka kwenda kuamua. Akaniomba nisiende. Alienda yeye, akawasalimia, akakaa chini pamoja nao, akaomba radhi kwa niaba ya wenzake. Wamekubaliana hivi: kikundi kitanunua kwao mawe makubwa, yale ambayo nyundo zao hupasua kwa taabu, na wao wataachiwa madogo yote. Mama mmoja wao ameingia kwenye kikundi, ingawa umri wake umepita ujana miaka mingi. Wamemkubali kwa kauli moja.

Januari

Kazi imelala wiki mbili. Nataka hili lisomeke vizuri na waliotuchangia, kwa sababu mara nyingi taarifa za miradi hazisemi. Vijana wetu hawana mishahara. Siku moja korongoni ni siku moja bila vitumbua, bila abiria, bila kibarua. Mama wa mwenyekiti alinifuata nyumbani jioni. "Shikamoo, Mwalimu. Sina ugomvi na mradi. Ila mwanangu akiwa korongoni, ada ya mdogo wake naitoa wapi?" Sikuwa na jibu la heshima zaidi ya kumwambia nitalifikisha.

Kikundi kimeamua: kazi ni Jumapili mchana na Jumatano jioni tu, siku za ujenzi mzito kila mtu anapata chakula na posho ndogo iliyoandikwa ukutani ili wote waione, iliyo sawa kwa kila mtu, mwenyekiti akiwemo. Tukiwaita vijana viongozi halafu tukawaomba wafanye kazi bure, tunakuwa tumewapa mzigo tu na kuuita cheo.

Februari

Gata na matanki sita yamefungwa. Fundi gata amewafundisha wenzake wanne, wasichana wawili kati yao. Wameweka kifaa cha kumwaga maji ya mvua ya kwanza, kwa sababu hayo ndiyo yanayosomba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati, na wavu mdomoni mwa tanki mbu wasizaliane.

Vizuizi vitatu vya mawe vimekamilika pia.

Machi, masika

Kizuizi cha pili kimevunjika. Mvua ya milimita 44, alfajiri. Nilipofika nilikuta wamekwishafika, wamesimama kwenye tope wakitazama pengo upande wa kushoto ambako maji yalikata ukingo na kuzunguka mawe.

Nilitamani kuwaambia kosa liko wapi. Nikasubiri. Walipima. Wakalinganisha na kizuizi cha kwanza, ambacho kilisimama na kilikuwa kimeshika mchanga wa kufika gotini. Binti wa kidato cha nne akaona tofauti: cha kwanza kimebonyea katikati, cha pili kilijengwa sawasawa kama ukuta. Ukuta ulionyooka unayaacha maji yachague pa kupita, na maji huchagua ukingo kwa sababu ni udongo. Katikati pakiwa chini kuliko pembeni, maji yanapita juu ya mawe, na chini yake unatandika mawe mengine bapa ya kuyapokea yasichimbe. Pia kila kizuizi lazima kizame ndani ya kingo pande zote mbili.

Wamejenga upya kwa Jumapili mbili. Fedha iliyopotea wameiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, na chini yake sababu. Hakuna aliyeficha. Mwaka jana, miche ilipokufa, mimi niliandika kwenye taarifa kwamba "changamoto zilijitokeza". Naona tofauti na inaniuma.

Matanki yote sita yamejaa. Yule mama wa madumu manne hajanunua maji kwa wiki tatu.

Aprili

Tulishuka kwa miguu kufuata Mirongo hadi unapoingia ziwani. Nilitaka waone mwisho wa korongo lao. Chupa zetu ziko pale, zimenaswa kwenye magugu maji, gugu lililoingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo hunenepa kwa uchafu wa majumbani na mbolea tunayoshusha. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Mmoja akaanza kuokota, wengine wakamfuata.

Kutoka hapo tukaenda mwaloni kusalimia mzee mvuvi, amezidi miaka 70. "Mwangaluka," wakamwamkia, akafurahi kusikia Kisukuma kwenye vinywa vya watoto wa mjini. Akawaonyesha kwenye mwamba hadi wapi maji yalifika 2020. Akawauliza wao ni nani. Wakaeleza: kikundi cha vijana, mvua, mawe. Akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka. "Na nsumba ntale wenu yupi?"

Wengi hawakulijua neno hilo. Akawaeleza: zamani katika vijiji vya Wasukuma vijana walikuwa na umoja wao, na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe. Kazi kubwa za kijiji, kulima shamba la mtu, kujenga, kupura nafaka, watu wazima walikwenda kwake kuomba, naye ndiye aliyewaita vijana na kugawa kazi. Mzee hakumpitia kijana mmoja mmoja kumwamrisha.

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Mzee akamtazama binti yule, akanyamaza kidogo, kisha akampa mkono kwa mikono yote miwili.

Njiani kurudi nilifikiri jinsi tunavyozungumzia uongozi wa vijana kama kitu kilicholetwa na semina. Ngitili pia, yale malisho yaliyotengwa yapumzike, ni maarifa ya kwetu. Ndiyo yaliyotumika kurudisha miti Shinyanga katika mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986.

Mei

Barua imekuja kutoka ofisi moja. Wanaomba vijana 20 kwa Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni. Watapewa fulana na fagio, watafagia, wataimba wimbo wakati mgeni rasmi akiingia.

Mimi ningekubali. Ningesema ni nafasi ya kuonekana. Kikundi kilijadili saa nzima, na baadhi walitaka kwenda, fulana ni fulana. Mwisho wakaandika jibu, nikaombwa kurekebisha tahajia tu: watakuja na kufagia kwa moyo, wakipewa dakika kumi za kusoma daftari la mvua la miezi saba na kueleza mapaa 46. Wakagonga muhuri wao wa kwanza.

Jibu halijarudi. Nimepita ofisini mara mbili. Mara ya pili niliambiwa ratiba imejaa.

Kwenye mtaa mambo yamekwenda tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kamati za mazingira hadi ngazi ya mtaa, na ya kwetu ilikuwa haijakaa muda mrefu. Mwenyekiti wa kikundi alisoma daftari mbele ya mkutano wa wakazi, juu ya kiti cha plastiki ili wa nyuma wamuone. Sauti ilimtetemeka kwenye tarakimu ya kwanza. Alipofika kwenye lita 71,300 mzee mmoja akamkatiza, akitaka arudie. Akarudia, akaeleza hesabu nzima. Vijana wamepewa nafasi mbili kwenye kamati, na familia tisa zimejiandikisha kwa gata.

5 Juni

Asubuhi kavu. Kiangazi kimeingia, anga nyeupe juu ya ziwa. Hawakwenda kufagia. Walikutana korongoni saa tatu, kikundi chote pamoja na mama wagonga kokoto na watoto wa jirani, wakasoma kipima: sifuri. Wakaiandika kama wanavyoandika siku nyingine zote. Kisha wakapanda mikuyu kumi tu, kwenye mchanga nyuma ya kizuizi cha kwanza na cha tatu, kila mche ukiwa na jina la mtu atakayeumwagilia kwa maji ya tanki, na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi.

Hesabu ya fedha ilisomwa na kubandikwa. Iliyobaki inatosha nyumba ya saba; marejesho ya miezi minne ya wale sita yatafunga ya nane. Kizuizi cha tano hakijajengwa, mawe hayakutosha. Kipima cha chini kiliibwa Mei na wametengeneza kingine.

Jumapili wanakutana kupanga vuli. Nilimuuliza mwenyekiti niandae nini. Akafikiri, akasema: "Mwalimu, njoo na koleo."